Saini za Kinyozi

Kinyozi alilelewa na dada yake. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka sita na Dada alikuwa na kumi na saba, na tangu siku hiyo Dada ndiye aliyempeleka shule, aliyemnunulia viatu, aliyemchapa alipostahili na siku nyingine asipostahili. Alipomaliza masomo akawa hana mbele wala nyuma, Dada aliuza cherehani yake, akamnunulia mashine ya kunyolea na kiti cha kuzunguka. Kwa hiyo Dada alipogombea udiwani, hakuna aliyemuuliza Kinyozi kama angemfanyia kampeni. Alifunga duka wiki mbili akaizunguka kata nzima hadi sauti ikamkauka. Dada alishinda, na kipindi cha pili akashinda tena, akapewa uenyekiti wa kamati ya fedha ya halmashauri. Kufikia hapo kata nzima ilikuwa inamwita Dada, wazee kwa vijana, kana kwamba amewalea wote.

Jumapili moja asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Dada alikuja dukani, akakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka na kujitazama kwenye kioo.

"Mdogo wangu, nimezeeka, eh?"

"Hujazeeka. Umenenepa tu."

"Mshenzi mkubwa wewe." Alicheka, akajizungusha nusu mzunguko hadi wakatazamana. "Nina shida. Halmashauri inataka kupandisha ushuru wa biashara. Najua, najua, usinikunjie uso. Safari hii nyongeza ina kazi yake. Madarasa manne ya shule yenu, yale yaliyopasuka."

Kinyozi aliyajua madarasa hayo. Miaka miwili nyuma wakaguzi walikuja, wakatia vidole kwenye nyufa, wakapiga alama nyekundu milangoni na kusema asiingie mtu. Tangu hapo watoto walisoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, na darasa la kwanza likahamia barazani mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Watoto tisini na watatu sakafuni. Mvua ikinyesha wanasukumwa kwenye stoo ya madawati mabovu mpaka ikatike. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mke wake Kinyozi.

"Wenzangu kule wanasema walipa ushuru hawatakubali," Dada aliendelea. "Nikiingia na saini za wafanyabiashara, mia nne tu, hakuna atakayenifunga mdomo. Lakini nani atanikusanyia? Wakimwona karani wa halmashauri ameshika karatasi wanafunga milango. Wewe wanakuamini."

"Mara ya mwisho walilipia mifereji, Dada. Iko wapi hiyo mifereji?"

"Ile haikuwa yangu. Hii ni yangu." Akamshika mkono. "Nimewahi kukudanganya?"

Kinyozi alilifikiria swali hilo kwa dhati. Alirudi nyuma mwaka kwa mwaka, hakuona siku hata moja.

Mchana alimweleza mkewe. Mwalimu aliweka chini kijiko.

"Wifi kasema mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi lete karatasi nipige mistari."

Alipiga mistari kwa rula jioni nzima. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: Sisi walipa ushuru tunakubali nyongeza ili shule yetu ijengewe madarasa manne. Kurasa zilizofuata zilikuwa na namba na mistari tu, ya jina, biashara na saini.

Kinyozi alisaini wa kwanza, na kazi ya kukusanya ilichukua wiki tatu. Wateja walimtania Kinyozi kwamba siku hizi mtu akiingia kwake kunyoa ndevu anatoka na ushuru. "Nina povu kidevuni na wembe shingoni," alilalamika muuza vyombo, "hapo nitakataaje?" Duka zima lilicheka, na muuza vyombo akasaini huku povu likimdondokea, likaacha doa kwenye ukurasa wa kumi na moja. Lakini Kinyozi hakumlazimisha mtu. Aliyekuwa na shaka alimchukua wakati wa jua kupungua, akaenda naye hadi shuleni, akamwonyesha baraza. Hapo alimwacha mtu ajionee mwenyewe. Wengi walisaini wakirudi njiani.

Aliyemtoa jasho alikuwa Fundi Redio, mzee wa kibanda cha jirani ambaye mikono yake ilinuka risasi ya kulehemu tangu Kinyozi anamfahamu. Fundi Redio alilipia mifereji. Kabla ya mifereji alilipia taa za barabarani. Mara tano Kinyozi alimfuata, mara tano mzee akatikisa kichwa. Siku ya mwisho alikuja mwenyewe, amevaa miwani yake ya kazi.

"Lete kalamu," alisema. "Lakini tuelewane, bwana Kinyozi. Mimi sisaini karatasi ya halmashauri. Nakusaini wewe."

"Nimekuelewa, mzee wangu."

"Sijui kama umenielewa." Akasaini, akarudi kwenye redio zake.

Saini zilifika mia nne na kumi na mbili. Kinyozi alizipeleka kwa Dada ndani ya bahasha ya kaki, na Dada akambusu kwenye paji la uso mbele za watu.

Nyongeza ilipita. Mwaka mpya wa fedha ulipoanza, mkusanya ushuru, mwanamama mpole mwenye mashine ya risiti begani, alianza kupita mlango kwa mlango. Nyongeza ilikuwa theluthi nzima, iliuma, lakini watu walilipa. Walilipa wakinung'unika kidogo na kuulizana mawe yatamwagwa lini shuleni. Kwa Kinyozi mwanamama yule alikuwa anapita tu. "Zamu yako bado, kaka," alimwambia mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili akasema, "Wewe uko kwenye daftari jingine." Kinyozi alikuwa ameshatenga fedha yake droo ya chini, akangoja hilo daftari jingine.

Mwezi wa nne hapakuwa na jiwe. Alipomuuliza Dada kwenye simu, aliambiwa habari za zabuni. Mwezi wa tano aliambiwa kuna mchakato. Mwezi wa sita Mwalimu alirudi nyumbani mapema, amebana midomo, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Mwalimu mkuu kapata barua. Madarasa yameahirishwa. Wazazi wanaombwa wachangie angalau mapaa ya muda."

"Yameahirishwa na nani?"

"Barua inasema kwa mujibu wa marekebisho ya bajeti. Nenda kamuulize dada yako marekebisho ni nini."

Kinyozi hakwenda kwa Dada. Alikwenda halmashauri. Nyuma ya ofisi zile palikuwa na mchanga, nondo, mafundi juu ya ngazi, na ghorofa ya pili ikipanda taratibu juu ya ile ya kwanza. Alisimama akaitazama kwa muda. Kisha akaingia masjala.

Karani wa masjala alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi. Alimwona, akashusha macho.

"Nataka kuona bajeti."

"Kitabu kipo, ni haki ya kila mtu," karani alisema. "Unasoma hapa hapa mezani, huondoki nacho." Alikileta, akasita, kisha akaongeza faili moja juu yake. "Na viambatisho. Navyo ni haki yako."

Akaondoka, akaenda kupanga makabati ambayo tayari yalikuwa yamepangika.

Kinyozi hakuwa mzoefu wa vitabu vya namna hiyo. Alifuata mistari kwa kidole. Kwenye fungu la elimu, mbele ya madarasa manne, paliandikwa: limehamishwa. Fungu la utawala lilikuwa limeongezeka kwa kiasi kile kile hadi senti ya mwisho, ukarabati na upanuzi wa jengo la ofisi. Alifungua viambatisho. Ukurasa wa juu ulipigwa kwa mashine, wenye muhuri: Orodha ya walipa ushuru wanaounga mkono marekebisho ya bajeti. Aliufunua. Chini yake ilikuwa mistari ya mkewe. Namba zake, majina yake. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na doa la povu. Jina la Fundi Redio lilikuwa la mwisho kabisa, herufi kubwa zilizokandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Ukurasa wa kwanza wenye mwandiko wa ubaoni haukuwepo. Alitafuta faili zima, mbele na nyuma, haukuwepo.

Palikuwa na kumbukumbu za kikao cha kamati ya fedha. Alizisoma polepole. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati alitoa hoja kwamba fungu la madarasa lihamishiwe kwenye jengo la utawala, na kwamba uungaji mkono wa wananchi utafutwe. Hoja ilipita bila kupingwa. Kinyozi aliangalia tarehe. Ilikuwa Alhamisi. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, maana moyo ulikuwa unamwambia amekosea. Ilikuwa Alhamisi ile ile kabla ya Jumapili aliyokuja Dada kukaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Alimkuta Dada nyumbani kwake, mchana, ameketi kwenye mkeka sebuleni, sinia la mchele mapajani, anachambua. Hakuwa na haja ya kuchambua mchele, alikuwa na msichana wa kazi, lakini alipenda kazi hiyo, alisema inamtuliza.

"Karibu baba. Kaa ule."

"Mlikaa Alhamisi, Dada. Ulikuja kwangu Jumapili."

Vidole vya Dada vilisimama, kisha vikaendelea.

"Nani kakuonyesha faili?"

"Hilo ndilo unaloniuliza?"

Dada aliweka sinia pembeni. "Haya. Sikiliza, na usinikatize. Nyongeza isingepita bila jengo. Wenzangu walitaka jengo lao, na mimi nilitaka kura zao."

"Kura za nini?"

"Uenyekiti wa halmashauri. Mwakani. Nikishakaa pale, siyo madarasa manne, nitajenga kumi. Mtu hajengi chochote akiwa amekaa viti vya pembeni."

"Ungeniambia hivyo."

"Ningekwambia, ungekusanya?"

"Nisingekusanya."

"Umejijibu."

Alisema bila ukali, kama alivyokuwa akimsahihisha hesabu za shule zamani. Kinyozi alitaka kupiga kelele, lakini mbele ya mtu huyu hakuwahi kujifunza kupiga kelele.

"Na wewe unalalamika nini?" Dada aliuliza, sauti imelainika sasa. "Hata hulipi. Jina lako nilishalitoa kwenye orodha ya ushuru mwanzoni kabisa. Mdogo wangu mwenyewe nimkamue?"

Alikaa chini mkekani. Alimwona mkusanya ushuru akipita mlangoni kwake, mwezi baada ya mwezi, akimsalimia na kuendelea kwa jirani, na jirani akitoa pochi huku anatazama.

"Watu wote wale wanalipa," alisema. "Mimi niliyewashikisha kalamu silipi."

"Hakuna anayejua."

"Kila mwezi ananiruka mbele ya mtaa mzima, Dada. Wanajua. Walikuwa wanangoja niseme mwenyewe."

"Basi tutakuweka kwenye orodha, kama ndiyo furaha yako." Dada alilivuta tena sinia lake. "Mimi nimekulea. Nimekuvisha. Niliuza cherehani yangu kwa ajili yako. Leo unanijia juu kwa sababu ya karatasi?"

"Ningelelewa na mtu mwingine ningeiuliza maswali ile karatasi kabla ya kuizungusha."

Aliondoka bila kula.

Usiku huo Mwalimu alisikiliza yote huku akisahihisha madaftari. Hakumtukana wifi yake, jambo ambalo Kinyozi alikuwa amejiandaa nalo. Alipomaliza daftari la mwisho alisema tu, "Mistari niliipiga mimi." Baadaye akauliza, "Utawaambia lini?"

"Kesho."

"Uwaambie na hilo la kutolipa."

"Na hilo."

Asubuhi alifunga duka, akaanza upande wa pili wa barabara, mlango kwa mlango. Kwa kila mtu alisema maneno yale yale: saini mliyonipa imetumika kujenga ofisi, mimi nilidanganywa nikawadanganya, na ushuru wenyewe sikuwa nalipa. Wapo waliosema pole. Muuza vyombo alimtukana hadi mate yakamruka. Mama mmoja wa duka la vitambaa alimuuliza, kwa upole kabisa, alipewa kiasi gani, na alipoapa kwamba hakupewa kitu, yule mama akatabasamu na kurudi kukunja vitambaa vyake. Tabasamu lile lilimuuma kuliko matusi.

Fundi Redio alimwacha wa mwisho. Mzee alimsikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifungua.

"Ulilijua hilo la jengo uliponiletea kalamu?"

"Sikulijua, mzee wangu. Wallahi."

"Na la kutolipa?"

Kinyozi alifikiri. Alikumbuka ile fedha droo ya chini, na miezi ambayo ingetosha kabisa kumuuliza yule mwanamama hilo daftari jingine ni lipi.

"Sikuuliza," alisema.

Fundi Redio aligusa waya kwa chuma cha moto, moshi ukapanda kidogo. "Haya," alisema. Tangu siku hiyo alianza kunyolewa ng'ambo ya soko, mwendo mrefu kwa mzee wa magoti yale.

Kikao cha wazi cha halmashauri kilifanyika wiki tatu baadaye. Wananchi walipewa nafasi ya maswali, dakika tatu kila mtu. Kinyozi alivaa shati lake la pekee la mikono mirefu. Mwalimu aliomba ruhusa, akaja kukaa safu ya nyuma. Mbele, mezani, Dada alikuwa wa pili kutoka kwa mwenyekiti, na kichwani amefunga kitambaa cha kijani ambacho Kinyozi mwenyewe alimnunulia.

"Nimekuja kwa sababu ya saini zilizo kwenye faili la bajeti," Kinyozi alisema, na kipaza sauti kikamrudishia sauti yake. "Nilizikusanya mimi. Ukurasa wa kwanza uliopo siyo tuliouandika. Wetu ulikuwa wa mkono, ulisema madarasa. Nauliza uko wapi. Na naomba jina langu lifutwe, kisha majina ya wote watakaotaka."

Ukumbi ulianza kuvuma. Mwenyekiti alitazama kushoto na kulia. Kabla hajasema lolote, Dada alivuta kipaza sauti chake.

"Ndugu mwenyekiti, huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimemlea mwenyewe. Kuna mambo ya kifamilia kati yetu, mambo ya nyumbani, na nasikitika ameyaleta hapa. Naomba radhi kwa niaba yake."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mkagawane urithi nyumbani!" na kicheko kikaongezeka. Kinyozi alibaki amesimama. Alimtazama Dada akidhani pengine atainua macho, na Dada alikuwa anageuza karatasi zake, ukurasa baada ya ukurasa, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Mambo ya faili angeweza kuyapa sababu. Hili la kumfanya mtoto mbele ya ukumbi mzima, yeye aliyemtetea nyumba kwa nyumba, hakuweza kulipatia sababu.

"Hoja yako imepokelewa, itafanyiwa kazi," mwenyekiti alisema. "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Mwalimu. Hakuwa amejiandikisha. Alitembea kutoka nyuma, akachukua chaki ubaoni walipokuwa wameandika ajenda, na akaandika sentensi ile ile, kwa mwandiko ule ule: Sisi walipa ushuru tunakubali nyongeza ili shule yetu ijengewe madarasa manne. "Mkiupata huo ukurasa," alisema, "mtaujua kwa mwandiko." Akamshika mumewe mkono wakatoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ujenzi wa ofisi haukusimama kwa sababu hiyo. Watu thelathini na nane walikwenda masjala wiki ile kufuta majina yao, karani akawafutia, na ghorofa ya pili ikaezekwa mwezi uliofuata. Ushuru haukushuka. Mwaka uliofuata Dada alichaguliwa mwenyekiti wa halmashauri. Kinyozi alilipa miezi yake yote iliyopita kwa pamoja, akapewa risiti ndefu kama mkanda, na hakuibandika ukutani wala kumwonyesha mtu. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwa kuwa nywele hazina siasa, lakini maongezi ya zamani hayakurudi. Walinyoa, walilipa, walikwenda. Darasa la kwanza liliendelea barazani, chini ya turubai walilochangia wazazi.

Alikutana na Dada mara moja tu mwaka ule, kwenye msiba wa shangazi yao. Walisalimiana kama watu wanavyosalimiana msibani.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Dada. Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa shangazi au kwa jingine. Akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Bajeti ya mwaka huu madarasa yamo. Sita. Nilikwambia nitajenga."

Kinyozi alingoja furaha ije, au angalau hasira. Kilichokuja ni kule kuona kwamba hamwamini, na kwamba hata angetaka kumwamini, hakujua tena pa kuanzia. "Vizuri, Dada," alisema, akaenda kusaidia kubeba viti.

Jumatatu alikwenda masjala. Karani alimletea kitabu bila kuulizwa. Fungu la elimu lilikuwa na madarasa sita, limeandikwa wazi, na mbele yake hapakuwa na neno limehamishwa. Alilisoma mara tatu. Alifungua viambatisho, akasoma tarehe zote. Njia ya kurudi dukani ilipita mbele ya muuza vyombo, mbele ya mama wa vitambaa, mbele ya kibanda cha Fundi Redio, na wote walikuwepo, milango wazi. Aliwapungia mkono, akafungua duka lake, na hakumwambia mtu yeyote alichokisoma.